Kagueni Nondo Kabla Zege Halijamwagwa

Ndugu msomaji, kwa mtu anayejenga nyumba ya ghorofa hakuna siku kubwa kama siku ya kumwaga zege. Vibarua hufika alfajiri na makarai yao, mashine ya kuchanganyia huanza kunguruma, akina mama huinjika pilau uani, na jamaa waliotawanyika mjini hukusanyika kushuhudia. Mwezi uliopita siku hiyo ilifika nyumbani kwa shangazi yangu, katika mtaa mmoja wa Kariakoo usio mbali na Msimbazi.

Nyumba yenyewe ni ya urithi. Zamani ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati. Warithi wamekubaliana kuijenga upya iwe na ghorofa moja juu: chini maduka ya kupangisha, juu makao ya familia. Sehemu kubwa ya fedha imetoka katika kiinua mgongo cha shangazi, aliyekuwa muuguzi, na iliyobaki imetokana na upatu na michango ya ndugu. Hivyo asubuhi ile, kila karai la zege lilikuwa limebeba akiba ya mtu.

Nilipanda ngazi ya mbao kwenda kutazama. Nondo zilikuwa zimesukwa mraba kwa mraba, kama wavu wa mvuvi, nami kwa macho yangu ya mwandishi niliona kazi safi. Nyuma yangu alipanda polepole mzee mmoja, jirani yetu, aliyestaafu kazi ya kusuka nondo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu pitisha kidole chako chini ya nondo hii.”

Nilijaribu, kidole hakikupita. Nilijaribu mahali pengine, nako ni vivyo hivyo. Nondo zote zilikuwa zimelala juu ya mbao. Mzee akatikisa kichwa, akasema, “Nondo ikilala, mwanangu, na nyumba nayo ina siku yake ya kulala.”

Fundi mkuu aliitwa. Hakukasirika. Alieleza kwamba zege litakapoanza kumwagwa, vijana wake watazivuta nondo kwa ndoano zipande juu kidogo. Mzee akamwuliza swali moja tu: “Na nani atazishikilia zisishuke tena, watu ishirini wakipita juu yake na makarai kichwani?” Fundi akanyamaza.

Safu yetu ya leo inahusu jibu la swali hilo.

Mifupa ndani ya nyama

Chukua kipande cha chaki cha mwanao wa shule. Kibane kwa vidole kutoka ncha mbili, hutaweza kukivunja. Sasa kikunje kidogo tu, kitakatika papo hapo. Zege lina tabia hiyohiyo. Likibanwa ni imara mno, lakini likivutwa ni dhaifu, kwani uwezo wake wa kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake wa kustahimili kubanwa. Chuma hustahimili sana kuvutwa. Ndiyo maana vitu hivi viwili vilioanishwa. Miongoni mwa waliotangulia kufanya hivyo ni Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa, ambaye mwaka 1867 alipata hati ya kumiliki ubunifu wake wa vyungu vya miche vya saruji vyenye wavu wa chuma ndani. Ghorofa nyingi tunazoziona leo ni wajukuu wa vyungu hivyo.

Lakini haitoshi chuma kuwamo ndani ya zege. Lazima kiwe mahali pake. Tuchukue mfano mwingine wa nyumbani. Laza sifongo refu juu ya matofali mawili, kisha ulibonyeze katikati. Utaona upande wa juu unajikunja na kubanana, na upande wa chini unafunguka kana kwamba unataka kuchanika. Hivyo ndivyo inavyofanya sakafu ya ghorofa inayoegemea kuta mbili. Upande wa chini ndio unaovutwa, na huko ndiko nondo kuu zinakohitajika, karibu na chini lakini si chini kabisa.

Kibaraza kinachoning'inia nje ya nyumba ni kinyume chake. Hicho ni kama tawi la mwembe lililobeba mtoto: upande wa juu ndio unaovutwa. Kwa hiyo nondo za kibaraza hukaa juu. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu nondo ya juu haina mbao ya kuegemea, na vibarua wakiikanyaga huzama. Tufanye hesabu ndogo. Sakafu ya kibaraza ina unene wa milimita 150, na nondo za milimita 12 zimewekwa juu zikifunikwa na zege la milimita 25. Kutoka chini ya sakafu hadi katikati ya nondo ni milimita 119. Miguu ikizishusha nondo kwa milimita 40 tu, yaani chini ya inchi mbili, hubaki milimita 79. Kibaraza hicho kimepoteza kama theluthi moja ya nguvu zake, ingawa hakuna kilo moja ya chuma wala mfuko mmoja wa saruji ulioibwa. Mwenye nyumba amelipa gharama zote, na bado amepunjwa.

Shuka la zege

Zege linaloifunika nondo kutoka nje hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kuishika nondo barabara, ili chuma na zege vifanye kazi kama kitu kimoja. Nondo iliyolala juu ya mbao imeshikwa upande mmoja tu. Mbao zikibanduliwa, utaiona ikikuchungulia darini.

Ya pili ni kuikinga isipate kutu. Ndani ya zege zuri chuma hulindwa na hali ya saruji yenyewe. Lakini hapa kwetu pwani hewa ina unyevu na chumvi, na chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, ulinzi huo huvunjika. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, pengine mara mbili, pengine hata mara sita. Kutu hiyo hulisukuma zege kutoka ndani hadi lipasuke. Wengi wetu tumeona katika majengo ya mjini dari iliyobanduka na nondo nyekundu zikining'inia, nasi tukadhani ni uzee wa jengo tu. Aghalabu jengo hilo halikuzeeka. Lilivishwa shuka fupi tangu siku ya kuzaliwa.

Ya tatu ni kuikinga na moto. Chuma kikipata joto la nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi hubakiwa na kama nusu ya nguvu zake, na zege lililokifunika ndilo linalochelewesha joto hilo. Wakazi wa Kariakoo hatuhitaji kuhubiriwa kuhusu moto. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu liliungua. Jengo lile la zege, lililobuniwa na msanifu majengo wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye mapaa mithili ya miavuli iliyogeuzwa, lilibaki limesimama, na likafanyiwa ukarabati badala ya kubomolewa.

Vipimo vya shuka hilo hutegemea mahali. Kwa kawaida sakafu na boriti za ndani hupewa milimita 25, nguzo milimita 40, msingi uliotandikiwa zege jembamba milimita 50, na msingi unaomwagwa moja kwa moja juu ya udongo milimita 75. Mchoro wa mhandisi ndio wenye neno la mwisho, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari mhandisi anaweza kutaka zaidi. Wala mtu asidhani kwamba kuzidisha tu ni kheri. Tumeona katika kibaraza jinsi nondo iliyozama inavyopoteza nguvu.

Majonzi tuliyoyaona

Hatuandiki haya kwa kutishana. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, na watu 36 wakapoteza maisha. Tena asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka hapa hapa Kariakoo, eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo. Watu wasiopungua 29 walifariki, na wengine zaidi ya 80 waliokolewa. Baada ya maafa hayo Waziri Mkuu aliunda tume ya kuyachunguza majengo ya Kariakoo.

Jengo huweza kuanguka kwa sababu nyingi: udongo, uchimbaji wa chini, mzigo uliozidi, ghorofa zilizoongezwa bila hesabu, zege hafifu. Si kazi ya safu hii kuhukumu, wala hatusemi kwamba nondo zilizolala ndizo zilizoyaangusha majengo hayo mawili. Tunachosema ni kwamba makosa yaliyomo ndani ya zege hayaonekani kwa jicho. Mfanyabiashara aliyepanga fremu, mteja aliyeingia kununua kanga, mtoto aliyelala ghorofa ya juu, wote wanamwamini mtu wasiyemjua aliyesimama mahali hapo miaka kadhaa iliyopita, siku ile nondo zilipokuwa bado zinaonekana.

Biskuti zisizoliwa

Kinachoizuia nondo isilale ni kidude kidogo sana. Mafundi wengine hukiita spesa, wengine biskuti. Ni kipande cha mraba cha saruji na mchanga, chenye unene sawasawa na lile shuka linalotakiwa, na waya uliochomekwa ndani ili kifungwe kwenye nondo.

Kukitengeneza ni kazi ambayo familia yaweza kuifanya uani. Changanya saruji ndoo moja na mchanga safi ndoo mbili au tatu, kwa maji kidogo. Biskuti zisiwe dhaifu kuliko zege litakalozizunguka. Tandaza mchanganyiko huo ndani ya fremu ya mbao yenye kina cha milimita 25, juu ya karatasi ya nailoni, na uusawazishe kwa ubao. Ungali mbichi, ukate kwa mwiko katika miraba ya milimita 50 kwa 50, na katika kila mraba chomeka waya wa kufungia nondo uliokunjwa, ncha mbili zikibaki nje. Ukishakauka, vitenganishe vipande na kuviloweka katika pipa la maji kwa siku saba. Usiikate saba ikawa mbili. Saruji hupata nguvu kwa maji na kwa subira.

Fremu ya mita moja kwa mita moja hutoa biskuti 400. Kwa nondo nyembamba za milimita 10, weka biskuti kila baada ya nusu mita; kwa nondo nene zaidi nafasi yaweza kuongezeka, lakini isizidi mita moja. Chumba cha mita nne kwa tano, kikiwa na nondo za milimita 10, kitahitaji kama biskuti 100. Basi fremu moja tu hutosheleza vyumba vinne. Ukilinganisha na bei ya nondo zenyewe, gharama yake ni kama bei ya chumvi ndani ya sufuria ya pilau.

Kwenye nguzo, biskuti hufungwa kwenye ringi pande zote nne, ili nondo zisiegemee mbao upande wowote. Nondo za juu, kama zile za kibaraza, huhitaji vigoda: vipande vya nondo vilivyokunjwa vikawa na miguu, vikasimamishwa juu ya biskuti au juu ya nondo za chini, navyo viwe vingi kiasi cha kumhimili mtu anayepita. Usikubali badala yake kokoto, kipande cha mbao au kipande cha tofali. Kokoto huteleza, mbao huoza na kuacha tundu, na tofali hunyonya maji na kuyapeleka moja kwa moja kwenye chuma.

Hali kadhalika, nondo zenyewe zisibanane. Kokoto zikiwa za milimita 20, baina ya nondo na nondo ziache nafasi isiyopungua milimita 25, na isipungue unene wa nondo yenyewe. La sivyo kokoto hukwama juu, uji wa saruji hushuka peke yake, na mbao zikitolewa unakuta zege lenye matundu kama sega la nyuki.

Jioni ya ukaguzi

Tufanye nini basi sisi tusio mafundi? Tuifanye jioni iliyotangulia siku ya zege kuwa jioni ya ukaguzi. Mhandisi aliyechora nyumba aitwe, hata kama ana ada yake, na mkaguzi wa halmashauri apewe taarifa mapema. Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi zipo kisheria, na mwananchi ana haki ya kuuliza kama mtu anayemkabidhi akiba yake amesajiliwa.

Kisha mwenye nyumba naye apande na futi ya kupimia. Apitishe kidole gumba chini ya nondo. Upana wa kidole gumba cha mtu mzima unakaribia milimita 25. Ahesabu nondo katika mita moja na kulinganisha na mchoro. Azikanyage nondo za juu za kibaraza aone kama zinazama. Atazame kama ringi zimefungwa, kama nondo zina mafuta au udongo, na kama zimewekwa mbao za kupitia vibarua ili miguu isikanyage chuma. Dosari iliyoonekana jioni hurekebishwa kwa koleo na waya. Ikionekana baada ya zege kukauka, hurekebishwa kwa nyundo na machozi.

Turudi kwa shangazi. Habari zilipomfikia uani, alikuwa ameshika mwiko wa pilau. “Mwanangu,” aliniambia, “vibarua nimekwisha kuwalipa. Mashine nimeikodi. Mawingu hayo unayaona. Nisimamishe kazi kwa ajili ya vidude?”

Mzee jirani ndiye aliyemjibu, kwa upole. “Dada yangu, wewe ulikuwa muuguzi. Ungekubali daktari amfunge mtu plasta kabla ya kuunga mfupa?”

Shangazi alikaa kimya, kisha akatoboa siri ambayo hakuna aliyeijua. Fundi alikuwa ameziandika biskuti katika orodha yake ya vifaa tangu mwanzo. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifuta kwa kalamu, akidhani ni mbinu ya kuongeza bei. Mhandisi naye hakuitwa ili kuokoa ada yake. Fundi alipoona hawamwelewi, akaamua kufanya kama wanavyofanya wengine. Nilimtazama fundi, naye akatazama chini. Ukweli ni kwamba lawama ilikuwa ya nyumba nzima. Mara nyingi sisi wenye nyumba hubishana bei na fundi hadi tunakata kile tusichokielewa, halafu jengo likipasuka tunasema mafundi wa siku hizi si waaminifu.

Zege halikumwagwa siku ile. Vibarua walikula pilau na kuondoka na ujira wao wa siku, na shangazi alipata hasara iliyomuuma. Jioni hiyohiyo uani palitandikwa karatasi ya nailoni. Wajukuu walikata miraba, binamu yangu akakata waya, na mzee jirani akakaa kwenye kigoda akisimamia, akimrudishia kila mtoto biskuti iliyopinda. Siku zile saba pipa la maji lilikaa karibu na jiko, na kila aliyepita alichungulia ndani.

Jumamosi ya juzi zege lilimwagwa. Mhandisi alikuwepo tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, akaagiza vigoda viwili viongezwe kibarazani. Sasa sakafu imefunikwa na magunia yanayomwagiwa maji asubuhi na jioni. Hakuna nondo inayoonekana wala biskuti inayoonekana, na mpita njia hataitofautisha na sakafu nyingine yoyote ya Kariakoo. Shangazi anajua tofauti yake. Anasema atahamia chumba cha juu, kile chenye kibaraza, na wajukuu watalala naye humo.

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, nikutakie mapumziko mema. Na kama kwako kuna zege linalosubiri kumwagwa, panda ngazi leo jioni.